Samaki Wetu na Yule Aliyelala Chini

Juzi nilinunua fromaji, jibini yetu ya mlimani, kwa mama mmoja anayeuza kando ya barabara, nikaitia mfukoni, nikapanda pikipiki kurudi nyumbani. Nilipoifungua mezani, harufu ya lile ganda lenye chumvi ilinipiga usoni, ikabidi nikae. Watoto wangu wakacheka, wakasema mama amezeeka. Wao wanaijua fromaji ya kula na mkate, basi. Kwangu mimi harufu hiyo ina ubaridi wa mawe ndani yake, na giza, na samaki mwekundu mwenye kitambi. Ninyi mliozaliwa wakati mmoja nami, mliojifunza kufunga mzigo kabla ya kujifunza kusoma, hamtanicheka.

Sisi ni watu wa maziwa. Kwetu ni Nyamitaba, juu, mahali ambapo ukungu wa asubuhi unaingia mpaka jikoni, na baba yangu alitengeneza fromaji kama baba yake alivyotengeneza. Kule kila kitu cha thamani kilikaa penye baridi na giza. Maziwa, siagi, fromaji, hata dawa za ng'ombe, vyote viliwekwa katika kave, chumba kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Tuliamini kwamba ubaridi unaponya. Mtoto akishikwa na homa, alilazwa karibu na mlango wa kave. Sijui kama ilisaidia, ila mimi nilikua.

Kisha tukashuka. Sitaeleza tulivyoshuka, kila mtu ana safari yake ya namna hiyo na zote zinafanana. Tulipata nyumba ya mbao katika ile nchi ya mawe meusi kati ya Sake na Mubambiro, ambako volkano ilimwaga moto wake zamani na mawe yakabaki yamekaa hovyo, yenye ncha, yanakula viatu. Kulikuwa na joto, vumbi la malori, na filimbi za kambi ya askari. Kila asubuhi mama yangu alikwenda Goma na lori la Papa Kambale, mtu wa Butembo mwenye duka pale Sake, kuuza fromaji tulizotengeneza kwa maziwa yaliyoletwa na pikipiki kutoka Kirolirwe. Baba alibaki na sufuria zake, na mimi nilibaki na Koko, nyanya yangu mzaa baba.

Koko hakuzungumzia ng'ombe aliowaacha, wala nyumba. Alizungumzia kaburi la babu tu. Mnakula, mnaongea habari za bei ya chumvi, mara anashusha kijiko. "Sasa nani iko namupalilia?" Baba alimwongezea mboga, na chakula kikaendelea.

Jambo la kwanza baba alilofanya katika kiwanja kile ni kuchimba kave. Mlima haukuwepo, basi akachimba kwenda chini, katika kibonde nyuma ya nyumba, katikati ya mawe. Jirani yetu Mama Zawadi, aliyezaliwa pale pale kwenye mawe meusi, alikuja akasimama ukingoni, mtoto wake mgongoni.

"Papa Feza, huku hatuchimbake," alisema, akimwita baba kwa jina langu. "Hapo chini, hata mbuzi hatufungake."

"Kwa nini, Mama?"

"Iko na upepo mubaya. Inauaka."

Baba aliegemea sululu yake, akacheka kwa heshima. "Mama Zawadi, miye niko Mukristo. Upepo ya walozi hainijue."

Akamshukuru, akaendelea kuchimba. Usidhani baba yangu alikuwa mjinga. Mtu amechimba kave nzuri maisha yake yote, halafu anaambiwa na watu wasio na hata ndama kwamba shimo linaua. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Akajenga ngazi za mawe, akapanga mbao za fromaji kuanzia karibu na sakafu hadi juu ya kichwa chake, akatia mlango uliofunga vizuri usiruhusu hata nzi. Siku ya kwanza Koko aliposhuka mle ndani, aligusa ukuta kwa kiganja, akatabasamu. Alikuwa hajatabasamu tangu tuhame.

Samaki aliletwa na Papa Kambale. Wageni fulani walikuwa wanahama Goma, akaenda na lori lake kubeba mizigo yao, na vile visivyokuwa na nafasi wakamwachia. Akatuletea chupa kubwa ya kioo, ile ya mayonezi ya mahotelini, na ndani yake kitu chekundu kinachozunguka.

"Feza, hii njo samaki ya Wazungu. Haikulwake."

"Sasa inafanyaka nini?"

"Unaiangalia. Njo kazi yake."

Baba alimpa jina: Muheshimiwa. Alikuwa na kitambi, alivaa nguo za kung'aa, na alifungua kinywa siku nzima pasipo neno hata moja kutoka. Nilimpenda kwa moyo wangu wote. Watoto wa mawe meusi walikuja kumtazama nikawapanga mstari, na aliyenisumbua shuleni nilimrudisha nyuma. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho.

Lakini mezani chupa ilipata joto, na Muheshimiwa akaanza kulegea wakati wa mchana. Watu wengine wangemtafutia kivuli. Sisi tulifikiri kama watu wa maziwa: kitu cha thamani, kave. Koko mwenyewe alimbeba jioni ile, akamshusha na kumweka sakafuni, chini ya ubao wa mwisho, penye baridi kuliko pote.

Kila asubuhi Koko alishuka kugeuza fromaji, nami nilimfuata nikiwa nimeshika mshumaa. Alichukua moja moja, akaifuta kwa kitambaa cha maji ya chumvi, akaigeuza, akairudisha ubaoni kwa kishindo kidogo, pa. Kisha nyingine, pa. Akimaliza ubao wa chini, alibaki hapo hapo magotini na kusali, maana katika ile nyumba ya mbao hapakuwa na utulivu kwingine kokote. Asubuhi ile ya kwanza nilimulika chupa nikamkuta Muheshimiwa amesimama wima ndani ya maji, mdomo umefika juu kabisa, unafunguka na kufungika, unafunguka na kufungika. Rangi yake ilikuwa imefifia.

"Koko, samaki iko mugonjwa."

"Hapana. Iko nasali na miye."

Akapiga magoti karibu na chupa, akaanza. Midomo yake ilisogea bila sauti. Midomo ya samaki nayo ilisogea bila sauti, na kwa jinsi walivyoelekeana ungesema wanajibizana. Nilisimama pale na mshumaa wangu, nikaogopa sana, na sikujua ninaogopa nini. Sala ilipokwisha Koko alishika ukuta ndipo akaweza kuinuka. Alisema ni magoti tu, lakini kichwa kilimuuma hadi saa ya chai.

Nilimtoa Muheshimiwa nje, na kabla ya saa sita alikuwa akizunguka kama kawaida yake, kitambi mbele. Jioni Koko alimrudisha. Asubuhi tukamkuta tena vile vile, mdomo juu. Ikawa hivyo siku nyingi, akiugua usiku na kupona mchana, na kila alipozidiwa, Koko naye alipanda ngazi akiwa mzito, macho mekundu, akitafuta kiti. Siku za upepo mkali wote wawili walikuwa wazima. Baba aliona mama yake amechoka. Mimi niliona kwamba Koko na samaki wanaugua ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo unakaa kwenye kave.

Mtoto akishaogopa kitu hawezi kukiacha. Jioni moja nilimweka Muheshimiwa kwenye ubao wa juu kabisa, na asubuhi nikamkuta mzima, mwekundu, ananitazama kwa dharau yake ya siku zote. Nikamshusha sakafuni. Koko hajamaliza hata ubao mmoja, samaki akaanza kupanda juu ya maji, akainama upande, akahema. Nikamwinua, akanyooka. Kisha nikaushusha mshumaa taratibu kuelekea sakafuni. Moto ulijikunja ukawa mdogo, wa buluu, kama unaomba ruhusa. Nikauinua, ukakua.

Basi nikaelewa, kwa akili niliyokuwa nayo. Mle ndani kulikuwa na mtu. Alikuwa amelala sakafuni, hawezi kusimama, na alikuwa anavuta pumzi ya kila kitu kilichoshuka sawa naye. Nilimwona vizuri kabisa: mrefu, amejinyoosha kutoka ukuta hadi ukuta, kinywa wazi, hana haraka. Sasa mimi ni mtu mzima, nina diploma yangu ukutani, na bado nikiingia chumba chenye baridi natazama kwanza chini.

Nilimwambia Koko tukiwa nje, anamenya viazi.

"Koko, usipigake magoti kule. Kuna muntu alilala chini."

Nilitarajia kofi, au sala ya kunitoa pepo. Koko aliacha kumenya.

"Muntu? Mwanaume ao mwanamuke?"

"Sijue. Alilala tu. Hawezi simama."

"Mwanaume," alisema polepole, si kwangu. Akageuza uso kuelekea milima, upande wa Nyamitaba, ingawa siku hiyo mawingu yaliificha yote. "Kama ni yeye, basi alitufuata. Kule hakukuwa wa kumupalilia."

Akarudi kwenye viazi vyake. Kuanzia hapo alishuka kugeuza fromaji akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Na sala, ambayo zamani ilikuwa fupi, ikawa ndefu. Mshumaa ulinichoma vidole nikimsubiri. Mara nyingine nilimsikia akicheka kidogo, kicheko cha mwanamke kijana. Nilikuwa na bibi mmoja tu duniani, na yule wa sakafuni alikuwa anamchukua kidogo kidogo, mbele ya macho yangu.

Nikamwendea baba. Alikuwa akikoroga maziwa juu ya moto, kazi ambayo haimruhusu mtu kugeuka.

"Papa, Koko iko nakufa."

"Feza! Maneno gani ile?"

Nikamweleza yote, samaki, mshumaa, yule aliyelala. Mkono wake haukuacha kukoroga.

"Nani anakufundishaka mambo ya wafu? Ni Mama Zawadi?"

"Samaki njo alinionyesha."

"Samaki." Alicheka, lakini hakufurahi. "Sikiya. Mu nyumba yangu hakuna mambo ya wafu. Huko chini usishuke tena. Koko atabeba mushumaa yake mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyofungiwa mlango. Koko alishuka peke yake, na Muheshimiwa alibaki sakafuni kando yake, maana Koko alisema amemzoea. Mimi nilikaa kwenye jiwe karibu na ule mlango na kusikiliza. Pa. Pa. Kisha kimya cha sala. Kisha kikohozi chake, na kiganja chake kikitafuta ukuta. Nilijifunza kuishi kwa zile sauti. Nikisikia kiganja ukutani, nilikwenda kunywa chai.

Asubuhi ya mwisho haikuwa na upepo hata kidogo. Moshi wa majiko ulikuwa umelala juu ya mawe, haupandi, na mbwa wa jirani walikuwa wamehamia juu ya paa la banda. Mama alishaondoka na lori. Nilisikia fromaji zikigeuzwa hadi mwisho. Nikasikia kimya. Nikangoja kikohozi, na kikohozi hakikuja.

"Koko?"

Nikasukuma mlango. Mshumaa ulikuwa umezimika. Mwanga wa nje ulifika mpaka chini, nikamwona Koko amepiga magoti na kitenge chake kizuri, paji la uso limeegemea ubao wa chini, kama mtu anayesikiliza jambo upande wa pili wa ukuta. Karibu na goti lake ilikuwa chupa. Muheshimiwa alielea ubavu, jicho moja likitazama juu. Kinywa chake kilikuwa wazi na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikusogea.

Nikashuka. Nilijiambia: usiiname tu, Feza, simama wima, huyu hawezi kukufikia. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mtoto aliyesimama ana kimo cha mtu mzima aliyepiga magoti. Karibu na mwisho wa ngazi pua yangu iliwashwa, kama ukinywa Fanta kwa pupa na gesi ikapandia puani. Halafu usingizi ukanijia. Lazima niseme ukweli wa usingizi ule, kwa sababu watu huwa hawausemi. Ulikuwa mtamu. Nilitaka kukaa kwenye ile ngazi baridi na kukubali.

Kilichonirudisha ni lile jicho la samaki. Nikapiga kelele, "Papa!", nikapanda kwa mikono na miguu mpaka kwenye jua.

Baba alikuja mbio, mikono imelowa maziwa hadi viwiko. Alivuta pumzi mlangoni, akashuka, akamshika mama yake chini ya makwapa na kumburuta ngazi baada ya ngazi. Alipotoka alianguka juu yake, wote wawili wakabaki pale juu ya mawe, sikujua nani ni mzima. Mama Zawadi alifika kabla sijamwita. Alimgeuza Koko ubavu, akamfungua kitenge shingoni, akampepea kwa kifuniko cha sufuria, nguvu zake zote.

"Mazuku," alisema. "Inatokaka mu mawe, inalalaka chini ya shimo. Mbuzi na batoto njo inaanzaka nao. Papa Feza, haikuwake mambo ya walozi. Ni hewa ya volkano."

Aliyasema bila kumcheka. Baba alikaa juu ya jiwe, akaficha uso kwenye mikono yake ya maziwa. Shuleni, miaka mingi baadaye, walinifundisha jina la gesi hiyo na kwa nini ni nzito kuliko hewa, nikapata alama nzuri. Nilijibu bila kusoma swali hadi mwisho.

Koko alitapika, akakohoa, akafungua macho. Alitutazama mmoja mmoja jinsi unavyowatazama wageni waliofika wakati mbaya.

"Nani alinitosha kule chini?"

"Feza njo aliita, Mama," baba alisema, huku analia waziwazi. "Mutoto wako Feza."

Nilisogea mbele kupokea shukrani yangu. Koko alinitazama. Hakuwa na hasira hata chembe, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Nilikuwa nafika," aliniambia. "Alishanifungulia."

Watu wakasema kichwa bado hakijatulia. Wakampa maziwa ya moto, akanywa kwa utii, akawashukuru wote kwa majina.

Mchana baba alianza kuijaza kave kwa mawe yale yale aliyoyatoa. Hakutaka msaada wa mtu. Mimi nilitafuta mahali penye udongo kidogo kati ya mawe ili nimzike Muheshimiwa, nikamtia katika jani la mgomba. Koko, aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, aliniita kwa mkono.

"Lete nimuone."

Nikamfungulia lile jani. Alimweka samaki kwenye kiganja chake. Wekundu wote ulikuwa umekwisha, amebaki rangi ya ganda la kiazi. Koko alimpapasa kwa kidole gumba, taratibu, kuanzia kichwa hadi mkia.

"Huyu ye alifika," alisema, na katika sauti yake kulikuwa na wivu.

Nilimzika nikilia. Baba aliacha mawe yake akaja kunikumbatia, akaahidi kwamba Papa Kambale atatafuta mwingine kama yule, hata wawili. Nilimwacha aamini kwamba namlilia samaki. Nilikuwa nimemrudisha Koko, na Koko hakutaka kurudi, na katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyemwamini aliposema hivyo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinisuka nywele, alinigombeza, alicheka na majirani. Watu walinisifu kwamba nampenda bibi yangu sana, simwachi hata aende chooni peke yake. Popote alipoingia, mimi nilikaa mlangoni hadi atoke.